Kura zilizobaki Norwalk: uchambuzi wa kisa cha kiti cha Mwanasheria Mkuu wa California, 2010

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha kweli na kumbukumbu zake ziko wazi kwa umma, ndiyo maana wagombea na viongozi nimewaacha na majina yao. Watu wengine nimewaondolea majina: askari aliyeuawa, kijana aliyemuua, mtumishi wa maabara, na wafanyakazi wa kampeni. Hawakugombea kitu, na kisa kinaeleweka bila wao kutajwa.

Wengi wanaokisimulia hukimaliza kwa tukio moja la mdahalo, kwamba mzee fulani aliropoka kuhusu mshahara akakosa cheo. Tukio hilo lipo na tutalifikia. Ila mimi naona kiini cha kisa kiko kwenye swali ambalo wakala yeyote wa kituo cha kura angepaswa kulala nalo na kuamka nalo: kura ambazo hazijahesabiwa ziko wapi, na ni za nani?

Usuli: cheo chenyewe na kwa nini kilikuwa wazi

Kwetu Afrika Mashariki, Mwanasheria Mkuu wa Serikali hapigiwi kura. Tanzania anateuliwa na Rais. Kenya anateuliwa na Rais kisha Bunge la Taifa linamuidhinisha, na mtu akishika kiti anaweza kukaa: Amos Wako alikikalia kuanzia 1991 hadi 2011, Rais Moi akaondoka na Rais Kibaki akamkuta. Marekani mambo ni tofauti. Katika majimbo 43 kati ya 50, Mwanasheria Mkuu wa jimbo anachaguliwa na wananchi, anabandika mabango, anachangisha fedha, anatukanwa kwenye televisheni kama mgombea mwingine yeyote.

California ni mojawapo ya majimbo hayo. Muhula ni miaka 4, na sheria inaruhusu mihula 2 tu maishani. Mwenye cheo anaisimamia Idara ya Sheria ya jimbo, anatetea hukumu za jinai zikifika kwenye rufaa, anashtaki makampuni yanayowaibia wateja, anatetea sheria za jimbo zikipingwa mahakamani. Ana pia kazi moja ndogo yenye nguvu kubwa: yeye ndiye anayeandika kichwa cha habari na muhtasari wa kila hoja inayopelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Neno moja kwenye muhtasari huo linaweza kuangusha hoja iliyogharimu mamilioni. Mashtaka ya kila siku, kama wizi, mauaji na dawa za kulevya, yako chini ya waendesha mashtaka wa kaunti 58, nao pia wanachaguliwa. Ndiyo sababu ngazi ya kawaida ya kupandia cheo hiki ni uendesha mashtaka wa kaunti.

Mwaka 2010 kiti kilikuwa wazi. Aliyekikalia, Jerry Brown wa Democratic, alikuwa anagombea ugavana dhidi ya Meg Whitman, bilionea aliyemwaga zaidi ya dola milioni 140 za mfukoni mwake. Kiti kikiwa wazi hakuna rekodi ya mwenye cheo ya kushambulia, kwa hiyo wagombea hubaki kushambuliana kwa rekodi za kule walikotoka. Hilo ndilo lililotokea.

Wagombea na mizigo waliyokuja nayo

Kamala Harris alikuwa Mwendesha Mashtaka wa San Francisco tangu Januari 2004. Alikuwa mdogo kiumri, mwanamke, mwenye asili ya Jamaika na India, anatoka mji ambao wapiga kura wa bara la California huutazama kama nchi ya kigeni. Alikuwa na mizigo miwili mizito.

Mzigo wa kwanza ulikuwa adhabu ya kifo. Alipogombea San Francisco aliahidi kutoiomba katika kesi yoyote. Miezi michache tu baada ya kuapishwa, Aprili 2004, askari kijana aliuawa kwa risasi akiwa kazini. Harris alitangaza mapema kwamba hataomba kifo. Kwenye mazishi, Seneta Dianne Feinstein, wa chama chake mwenyewe, alisimama akasema kesi ile ndiyo hasa adhabu ya kifo iliyowekewa. Kanisa lilijaa maaskari, wakasimama wakapiga makofi, na Harris ameketi humo humo. Mtu hasahau siku kama hiyo, na wapinzani wake hawakuisahau.

Mzigo wa pili ulikuwa mbichi. Mapema 2010 ilibainika kwamba mtumishi wa maabara ya polisi San Francisco alikuwa akichukua kokeini ya ushahidi. Mamia ya kesi za dawa za kulevya yalifutwa. Mwezi Mei jaji aliilaumu vikali ofisi ya Harris kwa kutowapa mawakili wa utetezi taarifa walizostahili kuhusu shahidi huyo, wajibu ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuweka tangu 1963. Ndani ya ofisi yake waendesha mashtaka waandamizi walikuwa wameshatahadharishwa miezi kadhaa nyuma kwamba mtumishi yule haaminiki tena kizimbani.

Steve Cooley wa Republican alikuwa Mwendesha Mashtaka wa Kaunti ya Los Angeles tangu Desemba 2000, kachaguliwa mara tatu katika kaunti yenye Wademokrati wengi. Hakuwa mtu wa siasa kali. Alijulikana kwa kukataa kumfunga maisha mtu ambaye kosa lake la tatu ni dogo, jambo ambalo sheria ya jimbo ya wakati ule iliruhusu. Vyama vya polisi vilimpenda. Kwenye karatasi, Republican hawakuwahi kupata mgombea bora kuliko huyu kwa cheo hiki.

Mfululizo wa matukio

Mchujo ulifanyika tarehe 8 Juni. Upande wa Democratic walijitokeza watu 7, mmoja wao akiwa ofisa wa zamani wa Facebook aliyejigharamia kwa mamilioni. Harris alishinda kwa karibu theluthi ya kura. Upande wa pili Cooley alipata karibu nusu na kuwaacha wahafidhina wawili, mmoja wao John Eastman, yule yule ambaye miaka 10 baadaye alimshauri Donald Trump namna ya kuyapinga matokeo ya 2020. Siku hiyo hiyo wananchi walipitisha mfumo mpya wa mchujo ambao wawili wa juu husonga mbele bila kujali chama. Kwa hiyo uchaguzi huu ndio wa mwisho wa aina yake: kila chama na mgombea wake, na vyama vidogo vyote vikiwa kwenye karatasi ya Novemba. Hilo lilikuja kuwa na uzito kuliko ilivyodhaniwa.

Julai, magazeti yalifichua kwamba katika mji wa Bell, mji mdogo wa wavuja jasho ndani ya Kaunti ya Los Angeles, meneja wa mji alikuwa analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Tarehe 21 Septemba Cooley aliwakamata watu 8 wa uongozi wa Bell, wa sasa na wa zamani. Ilikuwa zawadi kutoka mbinguni. Picha za viongozi walafi wakiwa na pingu, na mgombea wetu mbele ya kamera akieleza jinsi walivyokula fedha za umma. Ukosefu wa ajira jimboni ulikuwa umepita asilimia 12.

Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Oktoba, wagombea walikutana kwenye mdahalo katika chuo cha sheria cha Davis. Cooley aliulizwa: ukichaguliwa, utachukua pensheni yako ya Los Angeles pamoja na mshahara wa Mwanasheria Mkuu? Mshahara huo ulikuwa kama dola 150,000, nusu hivi ya aliokuwa akilipwa Los Angeles. Mzee akajibu bila kupepesa macho kwamba ndiyo, atachukua, kwa sababu pensheni ameitolea jasho, na kwamba itamsaidia kuongezea mshahara wa cheo kipya, ambao aliuita mdogo sana. Zamu ya Harris ilipofika hakushambulia. Alitabasamu akamwambia achukue tu, kaitolea jasho. Akaishia hapo.

Muda si muda kipande hicho cha picha kilikuwa tangazo la televisheni. Halikuhitaji msimulizi wa kutisha wala muziki wa mazishi. Lilikuwa na mzee anaongea kwa kinywa chake.

Upande wa pili, kamati ya kitaifa ya Republican inayoshughulikia chaguzi za majimbo iliingia na zaidi ya dola milioni 1 kwa matangazo kuhusu askari aliyeuawa 2004. Ujumbe ulikuwa mmoja: Harris anawaonea huruma wauaji wa polisi.

Tarehe 2 Novemba watu wakapiga kura. Vituo vilifungwa saa 2 usiku. Matokeo ya kwanza kutangazwa yalimweka Cooley mbele, na usiku ule ule akapanda jukwaani akatangaza ushindi. Gazeti moja kubwa la San Francisco nalo likaandika kwenye tovuti yake kwamba Cooley kashinda. Harris hakukubali kushindwa. Kulipokucha hesabu ilikuwa imegeuka na yeye ndiye aliye mbele, kwa uzi tu. Zaidi ya kura milioni 2 jimbo zima zilikuwa bado hazijahesabiwa. Katika wiki tatu zilizofuata uongozi ulibadilika mikono zaidi ya mara moja.

Norwalk, kwa karibu

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye somo.

Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10, zaidi ya majimbo mengi ya Marekani. Mwaka ule mpiga kura wake hakupewa karatasi yenye majina. Alipewa kadi yenye safu za viduara vyenye namba, akaichomeka kwenye kitabu kilichofungwa mezani, akafunua ukurasa, akagonga kwa kalamu ya wino penye jina alitakalo. Kadi ikitolewa haina jina lolote, ni vidoa vya wino tu. Kadi hazikuhesabiwa kituoni. Zilifungwa, zikapelekwa kwenye vituo vya kupokelea, na kutoka huko nyingine zikapakiwa kwenye helikopta za sherifu na kurushwa hadi Norwalk, kwenye jengo la ofisi ya msajili wa kaunti, ambako mashine zilizisoma usiku kucha. Kaunti kubwa kuliko zote basi ilikuwa inamaliza nyuma ya nyingine nyingi.

Matokeo ya kwanza, yale ya saa 2 na dakika chache, yalikuwa ya kura za posta zilizofika mapema. Enzi zile waliopiga kwa posta mapema walikuwa zaidi wazee, wenye nyumba zao, na wengi wao wa mrengo wa Republican. (Tangu 2020 hali hiyo imepinduka, kwa hiyo mtu asiichukue kanuni hii kama ilivyo akaipeleka kwenye uchaguzi wa leo.) Cooley alitangaza ushindi akiwa ameona sehemu iliyompendelea.

Baada ya kadi za vituoni zilibaki kura za aina mbili. Moja ni za posta ambazo wenyewe walizileta kwa mkono siku ya uchaguzi, au zilizofika na barua za siku hiyo hiyo. Mwaka 2010 ya posta iliyoingia ofisini baada ya saa 2 usiku ilikuwa imekufa. Ya pili ni kura za masharti. Mtu anafika kituoni, jina lake halionekani daftarini, au kahama mtaa, au daftari linasema alishatumiwa kura ya posta na hana ya kurudisha. Hafukuzwi. Anapiga kura, kadi inatiwa kwenye bahasha, na juu ya bahasha anaandika jina, anwani na sahihi yake chini ya kiapo. Bahasha haifunguliwi siku hiyo.

Siku kadhaa baadaye karani anaichukua bahasha. Upande mmoja wa kioo cha kompyuta yake kuna sahihi ya kwenye kadi ya kujiandikisha, labda ya miaka 10 iliyopita. Mkononi ana sahihi ya juu ya bahasha. Anatazama mkia wa herufi, mlalo wa mwandiko. Kisha anahakikisha mtu huyo hakupiga kura mahali pengine. Ikikubalika, kadi inatolewa na kuchanganywa na nyingine isijulikane ni ya nani. Ikikataliwa, inabaki imefungwa. Mawakala wa kampeni zote mbili walikuwepo wakitazama, na wana haki ya kupinga bahasha kabla haijafunguliwa. Ikishafunguliwa hakuna tena cha kupinga.

Sasa jiulize ni nani hupiga kura ya masharti. Ni mpangaji aliyehama mwezi jana, mwanafunzi, mfanyakazi wa hoteli aliyejiandikisha kwa anwani ya dada yake. Katika Los Angeles hao wengi wao hawakuwa watu wa Cooley. Kwa kila boksi la bahasha lililofunguliwa Norwalk, mzee alikuwa anapoteza kidogo, na maboksi yalikuwa mengi.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Kwa nini Cooley alitangaza ushindi mapema? Sidhani ilikuwa ulaghai. Alikuwa ameshinda Los Angeles mara tatu na hakuwa na sababu ya kuiogopa. Tena kuna mantiki ya kisiasa: anayejitangaza wa kwanza humfanya mwenzake aonekane mbishi. Gharama yake ni kwamba hesabu ikigeuka, kila tarehe inayopita inamkumbusha mpiga kura picha ya jukwaa lile. Waswahili husema kutangulia si kufika.

Kwa nini Harris alingoja? Timu yake ilijua hesabu ya mabaki: kaunti gani, kura ngapi, mwelekeo gani. Mtu mwenye hesabu hiyo mkononi haoni aibu kukaa kimya usiku wakati mwenzake anapigiwa makofi.

Jibu la mdahalo nalo lilikuwa na sababu zake. Cooley aliona kukwepa swali ni uongo, na pensheni ile ilikuwa haki yake kisheria. Mtu mkweli alisema kweli. Kosa lake lilikuwa kusahau kwamba wiki mbili nyuma alikuwa amewafundisha wananchi kuuliza swali hilo hilo kuhusu watu wa Bell. Bell ilikuwa wizi na pensheni yake ilikuwa halali, tofauti ya mbingu na ardhi, lakini mama anayesikiliza televisheni huku akipika, mume hana kazi tangu Machi, hasikii tofauti hiyo. Anasikia mtumishi wa umma anaita dola 150,000 mshahara mdogo.

Uamuzi wa Harris wa kutomshambulia pale pale ndio ninaousifu kuliko yote ya mdahalo. Angeanza kufoka, kipande cha picha kingekuwa cha watu wawili wanagombana, na hakuna tangazo linalotengenezwa vizuri na ugomvi.

Uamuzi mmoja wa Harris ulikuwa wa sera. Kuhusu marufuku ya ndoa za jinsia moja, iliyopitishwa na wananchi 2008 na kutupwa na jaji wa shirikisho Agosti 2010, Cooley alisema ataitetea mahakamani kwa sababu ni sheria ya jimbo. Harris alisema hataitetea kwa sababu ni kinyume cha katiba. Kila mmoja alikuwa anajibu swali la msingi la cheo chenyewe, kwamba Mwanasheria Mkuu ni wakili wa nani, na nashangaa jinsi mdahalo huo ulivyopata nafasi ndogo ukilinganisha na pensheni.

Matokeo

Cooley alikubali kushindwa tarehe 24 Novemba, mkesha wa sikukuu ya Shukrani. Hesabu ya mwisho: Harris kura 4,442,781, sawa na asilimia 46.1, Cooley kura 4,368,624, asilimia 45.3. Tofauti ni kura 74,157. Waliobaki, asilimia 8 na ushei, waliwapigia wagombea wa vyama vidogo. Cooley alishindwa ndani ya Kaunti ya Los Angeles, kaunti yake mwenyewe, kwa zaidi ya pointi 10.

Harris aliapishwa Januari 2011, mwanamke wa kwanza na Mmarekani Mweusi wa kwanza katika cheo hicho California. Yaliyofuata, useneta, umakamu wa rais, kushindwa kwa 2024, yanajulikana.

Uchambuzi: nini kilifaa na nini hakikufaa

Tuanze na hadithi ya mdahalo, kwa sababu ndiyo inayopendwa. Tofauti ya kura 74,000 kati ya milioni 9 na nusu ni ndogo kiasi kwamba kitu chochote kinaweza kudai kuiamua. Mvua ingeweza kudai. Tangazo la pensheni bila shaka lilimuumiza Cooley, hasa nyumbani ambako Bell ilikuwa habari ya kila siku. Lakini ukiziweka namba za ugavana pembeni, picha inapanuka. Brown alipata kura kama milioni 5.4. Harris alipata karibu milioni 1 pungufu. Whitman alipata kura milioni 4.1, na Cooley akampita kwa takriban 240,000. Maana yake ni nini? Kwamba Cooley, pamoja na mdomo wake, alikuwa mgombea bora wa chama chake jimboni mwaka ule, na kwamba umati wa watu waliomchagua Brown walifika kwenye mstari wa Mwanasheria Mkuu wakasita. Wengine walivuka kwa Cooley, wengine wakaenda kwa vyama vidogo, wengine wakaacha wazi. Harris aliokolewa na wimbi la chama chake, wakati karibu nchi nzima Republican walikuwa wanazoa viti. Yeyote anayemsimulia kama mgombea aliyeshinda kwa ustadi mtupu hajazitazama namba hizi.

Mizigo yake yote miwili ilimgharimu, nadhani, ila kwa namna tofauti. Suala la askari lilikuwa la miaka 6 nyuma na kila aliyelijali alikuwa ameshaamua. Zaidi ya dola milioni 1 zilitumika kuwaambia watu jambo ambalo wale ambao lingewabadilisha walikwisha kubadilika. Suala la maabara ndilo lililokuwa hatari zaidi kwa haki, kwa sababu linahusu uwezo wa kuongoza ofisi ya wanasheria, na hiyo ndiyo kazi yenyewe iliyokuwa inagombewa. Lakini wajibu wa kukabidhi ushahidi hauna picha nzuri ya televisheni, na Cooley hakufaulu kuugeuza kuwa hoja inayoeleweka mtaani. Hapo naona kampeni yake ilipoteza nafasi kubwa kuliko ile ya pensheni. Pensheni ilikuwa goli la kujifunga. Hili lilikuwa penalti ambayo hakuna aliyejitokeza kuipiga.

Upande wa kuhesabu, lililofaa zaidi ni utaratibu wenyewe. Kaunti zilikuwa na siku 28 za kukamilisha hesabu, asilimia 1 ya vituo ilihesabiwa upya kwa mkono kulinganisha na mashine, na takwimu zilitolewa hadharani siku baada ya siku. Kwetu kuchelewa kwa matokeo kuna harufu yake; mtu akiambiwa asubiri wiki tatu, tayari anawaza kilichotokea Nairobi mwisho wa 2007. Ndiyo maana nawahimiza wanaofundisha mawakala wasiishie kusema wenzetu wana subira. Subira yao ilikuwa na vitu vya kushika: idadi ya bahasha zilizobaki ilijulikana mapema, kila kaunti na zake, na wakala alikuwa na haki ya kusimama nyuma ya karani. Ukiondoa hivyo viwili, wiki tatu zingenuka pale pia.

Halafu kuna suala la kuhesabiwa upya. California haikuwa na kuhesabu upya kwa lazima hata tofauti iwe ndogo vipi. Aliyetaka alipaswa kuomba na kulipia. Cooley hakuomba, na kwa kura 74,000 alikuwa sahihi; marekebisho ya kuhesabu upya kwa kawaida huwa ya mamia, si makumi ya maelfu.

Vyama vidogo navisemea kwa tahadhari. Asilimia 8 ni zaidi ya mara 10 ya tofauti kati ya wakubwa wawili, na kuna wanaosema Cooley angeshinda kama karatasi ingekuwa na majina mawili tu, kama mfumo mpya ulivyokuja kufanya. Huenda. Lakini waliompigia wa chama cha Kijani hawakuwa akiba ya Cooley, na hakuna anayeweza kuwagawa leo bila kujipendelea.

Kuhusu utabiri wa matangazo, kumbukumbu ziko wazi. Ndoa za jinsia moja: Harris alitimiza alichosema, jimbo halikuitetea marufuku, na Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba watu binafsi walioitetea badala ya jimbo hawakuwa na haki ya kukata rufaa. Marufuku ikafa. Mstari mmoja wa karatasi ya kura ya 2010, na wale waliofungua bahasha Norwalk, wamo ndani ya hukumu hiyo.

Adhabu ya kifo ilikwenda kinyume. Julai 2014 jaji wa shirikisho alitamka kwamba adhabu ya kifo ya California, kwa ucheleweshaji wake, inakiuka katiba. Mwanasheria Mkuu angeweza kukaa kimya na kuuacha uamuzi huo ubaki. Aliyekata rufaa kuitetea, na kushinda rufaa hiyo 2015, ilikuwa ofisi ya Kamala Harris.